Nani Kasema Malezi Hayafundishwi?

Pendekeza popote, iwe kwenye kikao cha ndugu au kijiwe cha kahawa, kwamba msichana mwenye mimba yake ya kwanza afundishwe jinsi mtoto mchanga anavyokua. Utajibiwa kabla hujamaliza kusema. "Kwani sisi tulifundishwa na nani?" Mwingine atacheka kwamba siku hizi kila kitu semina, hata kunyonyesha kuna semina. Wa tatu, mtu mzima kidogo, atafunga mjadala kwa methali: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Anachotaka kusema ni kwamba mama akishampakata mwanawe, mengine yote yatakuja yenyewe.

Rai hii imeenea, na wanaoishikilia si wajinga. Inasimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni kwamba mabibi zetu walilea watoto wanane au kumi bila kadi wala mabango, na sisi wenyewe ndio ushahidi. Ya pili ni kwamba kulea ni silika, mwanamke huzaliwa nayo. Ya tatu husemwa zaidi na wasomi: kinachomsumbua mama wa Tanzania si kutojua bali ni umaskini, kwa hiyo mpe fedha na umwondolee masomo yako. Kila nguzo ina chembe ya ukweli ndani yake, na hakuna hata moja inayobeba mzigo iliotwikwa.

Tuanze na mabibi. Wazee wetu hawakuwahi kuamini kwamba mwanamke anajua kulea kwa sababu tu amezaa. Wangeamini hivyo, wasingejisumbua na utaratibu wote waliouweka. Pwani, mwari alikuwa na kungwi wake, na uzazi wa kwanza ulimrudisha binti kwa mama yake. Hapo alikaa ndani siku arobaini, akikandwa, akilishwa na kuelekezwa: shingo ya mtoto ishikwe hivi, aogeshwe hivi, akilia namna hii mtazame tumbo. Uchagani mzazi alipikiwa mtori na kuachwa apumzike, huku akihudumiwa na wanawake waliokwisha kuyapitia. Na hata kabla ya hapo, msichana alikuwa amebeba wadogo zake mgongoni tangu utotoni. Hiyo ilikuwa shule kamili, yenye walimu, muda na mazoezi. Anayedai kwamba mabibi hawakufundishwa anawasingizia.

Kinachopaswa kuulizwa ni shule ile iko wapi leo. Binti amejifungua Mbagala, katika chumba kimoja cha kupanga. Mama yake yuko Kasulu. Mume huondoka alfajiri na bodaboda, hurudi usiku. Shangazi ambaye angekuja kukaa naye ana genge lake la kuendesha. Binti mwenyewe alisoma bweni, hakuwahi kubeba mdogo wake mgongoni hata wiki moja. Tena wengi wao ni wasichana wadogo: kwa mujibu wa Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022, wasichana 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kushika mimba. Kumwambia binti wa namna hii "utajua tu" ni kuitetea mila huku ukiwa umeiacha.

Kuhusu ushahidi wa "sisi tulikua hivyo hivyo na tuko hai," kasoro yake ni kwamba wanaoutoa ni walio hai tu. Mwaka 1999, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 43. Wale 147 hawapo kijiweni kubisha. Vilivyoipunguza idadi hiyo ni chanjo, vyandarua, dawa na zahanati, na kila kimoja kati ya hivyo kilihitaji mama aelezwe kwa nini akitumie.

Katika vifo hivyo 43 vya 2022, 24 vilitokea ndani ya mwezi wa kwanza wa maisha. Katika siku hizo hakuna mtaalamu anayekesha chumbani. Anayekesha ni mama. Yeye ndiye wa kwanza kuona mtoto ameacha kunyonya, mwili umekuwa wa moto au wa baridi kupita kiasi, kitovu kimekuwa chekundu na kutoa usaha, umanjano umefika viganjani na nyayoni, au pumzi zimefikia 60 na zaidi kwa dakika huku kifua kikibonyea. Akizijua dalili hizi atakimbia hospitali usiku huo huo. Asipozijua atasubiri kuche, na mtoto mchanga mgonjwa mara nyingi hana muda wa kusubiri.

Tusijidanganye pia kwamba nafasi ya mwalimu ikiachwa wazi hubaki wazi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu una masomo yake. Chukua habari ya "meno ya plastiki", ambayo imekuwa ikiripotiwa nchini tangu miaka ya 1980. Mtoto wa miezi michache anaharisha na ana homa. Mtu anampanua mdomo, anaona uvimbe mweupe kwenye fizi, anasema hayo ndiyo meno ya plastiki, yatolewe. Fundi anakuja na kisu au spoku ya baiskeli, anachokonoa. Kinachotolewa ni jino changa ambalo bado halijaota. Kinachobaki ni kidonda, damu iliyomwagika na kuharisha kule kule ambako kulihitaji chumvi ya kuongeza maji mwilini na vidonge vya zinki. Mama aliyekubali jambo hilo hakukosa upendo. Alikosa mtu wa kumwambia mapema kwamba fizi ya mtoto huonekana hivyo kabla jino halijachomoza.

Nguzo ya pili ni silika. Silika ipo, wala haidharauliki: mama wengi husikia maziwa yakijaa mtoto anapolia, na mtoto mwenyewe huitambua sauti ya mama yake tangu siku za mwanzo. Lakini silika inamwambia mama kwamba mtoto analia. Haimwambii kwa nini.

Mtazame mama huyo wa Mbagala mtoto anapofikisha wiki sita. Ni saa moja jioni. Mtoto amenyonya, amebadilishwa nepi, amebebwa huku na huku, na bado analia hadi uso unaiva. Jana ilikuwa hivyo, juzi ilikuwa hivyo. Jirani anachungulia mlangoni kwa nia njema: "Mwanangu, maziwa yako mepesi hayo, mtoto ana njaa." Siku ya tatu kinakuja kikombe chenye maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa maji, au uji uliochujwa kwa kitambaa, pengine na kichupa cha dawa ya mchango kutoka duka la dawa. Mtoto anashiba uji, analala. Kila mtu anapumua. Lakini aliyeshiba uji hunyonya kidogo, na ziwa lisilonyonywa hupunguza utengenezaji wa maziwa. Wiki chache baadaye maziwa yamepungua kweli, na jirani anaonekana alisema kweli tangu mwanzo.

Yote hayo yangezuiwa na maelezo ya dakika kumi. Kilio cha mtoto mchanga huanza kuongezeka mnamo wiki ya pili, hufikia kilele kati ya wiki ya sita na ya nane, kisha hupungua kuelekea mwezi wa tatu au wa nne. Mara nyingi huja jioni, hata kwa mtoto mwenye afya aliyeshiba. Kipimo cha maziwa kutosha si kilio: ni mkojo, nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku, na uzito unaopanda. Mama akielezwa pia kwamba ni kawaida mtoto kupungua uzito siku za mwanzo, hata kukaribia sehemu moja ya kumi, kisha kuurudisha ndani ya wiki mbili hivi, hatashtuka mapema na kukimbilia kopo la maziwa. Utafiti ule wa 2022 uliona watoto 64 katika 100 walio chini ya miezi sita wakinyonyeshwa maziwa ya mama pekee. Wale 36 waliobaki si kwamba mama zao hawana silika. Miongoni mwao wako wengi walioshindwa na jioni za wiki ya sita.

Tuje kwenye nguzo ya tatu, nzito kuliko zote. Umaskini unaua, na hakuna somo linalojaza ghala. Mama anayelima tangu alfajiri huku mtoto akiachwa na dada wa miaka minane hahitaji kuhubiriwa. Anahitaji kupunguziwa kazi. Hilo nakubali bila masharti. Lakini kama umaskini na njaa vingekuwa maelezo yote, udumavu ungefuata ramani ya njaa, nao haufuati. Mwaka 2022, kitaifa, watoto 30 katika 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Iringa walikuwa karibu 57. Njombe na Rukwa walikuwa takriban nusu ya watoto wote. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi! Njombe malori hupakia viazi na parachichi kwenda mbali, wakati ndani ya nyumba ya mkulima mtoto wa miezi saba anapewa uji mweupe wa mahindi, mwepesi, asubuhi na jioni. Tumbo linajaa, mwili haupati cha kujengea.

Sababu za udumavu ni nyingi: lishe ya mama akiwa mjamzito, maradhi ya mara kwa mara, maji machafu, uzazi wa karibu karibu, kazi nyingi. Hata hivyo, parachichi la kuponda lipo uani, yai lipo bandani, maharage yapo ghalani, dagaa wakavu wako sokoni. Kilichokosekana ni kauli moja inayoeleweka: kuanzia miezi sita maziwa ya mama peke yake hayatoshi, uji uwe mzito usiomwagika kwenye kijiko, na kila siku uongezewe kitu chenye kujenga mwili. Kauli hiyo haigharimu shilingi.

Ushahidi kwamba maarifa yana thamani yake hata penye ufukara umetoka pia kwingine. Mwaka 1986 na 1987, jijini Kingston, Jamaica, watafiti walichukua watoto 129 waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka mitaa ya kimaskini. Baadhi walipewa lishe ya nyongeza. Baadhi walitembelewa kila wiki kwa miaka miwili na mhudumu wa afya wa jamii, aliyemwonyesha mama jinsi ya kucheza na kuzungumza na mtoto kwa vifaa vya kutengeneza nyumbani. Miaka 20 baadaye, waliokuwa wamechezeshwa walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 25. Lishe ya nyongeza peke yake haikuacha alama hiyo. Mama zao walikuwa maskini kama majirani zao. Walichozidiwa nacho majirani ni kwamba hawakuwa wameonyeshwa kwamba mtoto wa mwaka mmoja ni mtu wa kuzungumza naye.

Hapa kwetu bado tunaamini kwamba mtoto mchanga kazi yake ni kunyonya na kulala, na kwamba akili itakuja akienda shule. Ubongo wa mtoto hukaribia kuongezeka maradufu ndani ya mwaka wa kwanza peke yake. Anayesubiri darasa la awali amechelewa.

Yuko atakayesema: mbona kliniki wanafundisha? Twende tukaone. Foleni ni ndefu, nesi ni mmoja. Mtoto anavalishwa kikaptula cha kupimia, ananing'inizwa kwenye mizani, analia. "Kilo sita nukta mbili. Mwingine!" Kitone kinawekwa kwenye kadi, kadi inarudishwa, mama anaifunga kwenye nailoni isilowe. Ameitunza kadi ile vizuri kuliko cheti cha ndoa, na hajui inasema nini. Hakuna aliyemwambia kwamba kitone kimoja hakina maana kubwa. Kinachotazamwa ni mstari unaoviunganisha. Mstari ukipanda sambamba na ule wa kadi, mtoto anakua, hata kama ni mwembamba kuliko wa jirani. Ukilala kama sakafu mwezi mmoja, kuna jambo la kuulizia. Ukishuka, usisubiri mwezi ujao. Simlaumu nesi aliyesimama tangu saa moja asubuhi. Nasema kupima si kufundisha, na tumeyachanganya.

Tena mizani haimalizi habari. Udumavu ni suala la urefu, na urefu hupimwa kwa nadra. Mtoto anaweza kuwa na mashavu mazuri na bado akawa amedumaa, na sisi tukasema kafuata ukoo, kwao wafupi. Maelezo hayo yamejibiwa vizuri sana. Viwango vya ukuaji ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivitoa mwaka 2006 vilitokana na watoto wapatao 8,500 wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, walionyonyeshwa vizuri na kutunzwa katika mazingira mazuri. Mtoto wa Muscat, wa Accra na wa Oslo walirefuka karibu sawa katika miaka mitano ya mwanzo. Ukoo una nafasi yake, lakini ukoo hauwezi kueleza nusu ya watoto wa mkoa mzima.

Kutokujua jinsi mtoto anavyokua humwumiza mama kwa namna nyingine ambayo haitajwi sana. Mtoto akichelewa kusimama, akinyong'onyea, akipauka nywele, mtaa una jibu tayari: amebemendwa. Yaani wazazi hawakutulia, mmoja wao katoka nje, na mtoto ndiye kalipia. Mama anaona haya, anaacha kwenda kliniki, anamfunika mtoto kwa kanga wageni wakija. Mtoto ambaye huenda ana utapiamlo mkali, au kifua kikuu, au alikosa hewa wakati wa kuzaliwa na misuli yake imeathirika, anafichwa katika miezi ile ile ambayo matibabu na mazoezi yangemsaidia zaidi. Silaha dhidi ya uvumi huo ni kalenda ya ukuaji. Watoto wenye afya hukaa bila kushikiliwa wakati wowote kati ya miezi minne na tisa. Hutembea wenyewe kati ya miezi minane na karibu kumi na minane. Wapo wachache, kama wanne katika mia, ambao hawatambai kabisa kwa mikono na magoti, na hawana tatizo. Mama anayeyajua hayo hatakosa usingizi kwa sababu wa jirani katembea mapema. Na atajua lini asikae kimya: shingo isiyokaza baada ya miezi minne, mwili mkakamavu mno au mlegevu mno, mtoto asiyeshtuka kwa kelele, asiyetembea akipita miezi kumi na minane, au aliyekuwa anaweza jambo kisha akaacha.

Ninapotetea kufundisha, sitetei mahubiri ya saa mbili asubuhi kwenye benchi, mama wamesinzia na nesi anasoma bango. Watu wana haki ya kuyachoka. Wilayani Makwanpur, Nepal, wanawake wa vijijini walikusanywa katika vikundi vya kila mwezi, wakiongozwa na mwanamke mwenzao wa pale pale, wakajadili matatizo ya uzazi na watoto wachanga na kupanga wenyewe la kufanya. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha vifo vya watoto wachanga vilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 30 kuliko maeneo yasiyo na vikundi. Hawakuletewa profesa. Waliketi, wakaulizana, wakaamua. Sisi ambao kila mtaa una kikoba na kila msikiti na kanisa lina kundi la akina mama, tunashindwaje?

Wala somo lisimlenge mama peke yake. Binti anaweza kutoka kliniki amefundishwa vizuri, akafika nyumbani mama mkwe akasema "mpe maji, joto hili," na akatii, maana yeye ni mgeni katika nyumba ile. Bibi aitwe kwenye somo, kwa heshima, kama mwalimu mwenza: kwenye mbeleko, kwenye nyimbo za kubembeleza, kwenye subira, hana mpinzani. Baba aitwe pia. Yeye ndiye mara nyingi anayeamua yai liuzwe au liliwe, na nauli ya hospitali usiku iko mfukoni mwake. Na somo lianze mimba ingali tumboni, maana mama wa wiki ya kwanza, mwenye mshono na usingizi, hana nafasi ya kujifunza kitu kipya.

Serikali ilikwisha kukubali hoja hii kwa maandishi. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa Desemba 2021, nayo inataja afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, pamoja na ulinzi na usalama wa mtoto. Karatasi tunayo. Inayobaki ni kazi ya zahanati, halmashauri na mitaa: mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyefundishwa na kulipwa, ubao wa kupimia urefu, na nusu saa ya maswali na majibu kabla ya mizani kutundikwa.

Nawe msomaji, kama kwenu kuna binti aliyejifungua kwa mara ya kwanza, usimwambie atajua tu. Chukua kadi ya mtoto, kaa naye, someni mstari pamoja. Usipouelewa, mfuate nesi na umwulize: mtoto huyu anakua, au tunampima tu? Kuulizwa kwa swali hilo ni haki ya mtoto, na kulijibu ni wajibu wa kliniki.